Mwalimu Cleopas Nyabuto na Bahari Aliyojifunza Kuiheshimu

Wasifu huu umeandikwa na Moraa, mpwa wa marehemu, kwa sababu marehemu mwenyewe aliomba uandikwe na yeye na si mtu mwingine. Kamati ya mazishi, chini ya Bwana Mugambi, ilikuwa imeandaa rasimu nzuri ya ukurasa mmoja, na Moraa anaishukuru. Rasimu ile haikuwa na uongo. Iliruka tu Jumamosi moja, na Jumamosi hiyo ndiyo marehemu aliyotaka isomwe leo mbele ya watu wote. Wenye haraka wavumilie kidogo, maana hata yeye hakuwa mtu wa kuzungumza kwa ufupi.

Mwalimu Cleopas Ondieki Nyabuto alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 karibu na Keroka, katika nyanda za juu za Kisii, nchini Kenya. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya sita wa Mzee Nyabuto Ondieki na Mama Bosibori, wakulima wa chai. Kitinda mimba wao alikuwa Kwamboka, aliyezaliwa mwaka 1978, na kila likizo Cleopas ndiye aliyembeba mabegani mama yao akiwa shambani. Huko kwao dhoruba ni ya mvua ya mawe. Huja alasiri, hupiga chai mpaka mashina yanabaki uchi, kisha wingu linaondoka, jua linatoka, na watu wanatoka nje kuokoa kilichosalia. Aliyekulia huko anajua kwamba anga likishatakata, hatari imekwisha. Cleopas aliamini hivyo kwa miaka hamsini na mitatu, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna mahali ambapo mambo hayaendi hivyo.

Alisoma shule ya msingi kijijini, akaingia sekondari ya bweni mwaka 1978, na mwaka 1986 akahitimu chuo cha ualimu. Alifundisha Kiswahili kwa miaka kumi na saba. Wanafunzi wake wanakumbuka kalamu yake nyekundu, ambayo haikumheshimu mtu. Alipokuwa akimchumbia Rita Kemunto, muuguzi wa hospitali ya wilaya, Rita alimwandikia barua ya mapenzi ya kurasa nne. Cleopas aliisoma, akaipenda sana, akairudisha ikiwa imesahihishwa. Rita hakumjibu kwa miezi miwili. Hata hivyo walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1992, wakajaliwa watoto wawili, Mogaka na Gesare. Barua ile Rita anayo mpaka leo, pamoja na wino wake mwekundu, na anasema alama aliyopewa ilikuwa ya haki.

Rita alitangulia kuja hapa Birmingham, Uingereza, mwaka 2002 kufanya kazi ya uuguzi, naye Cleopas na watoto wakamfuata mwaka uliofuata. Walipanga nyumba mtaa wa Aston, katika zile nyumba zilizoshikana, karibu na uwanja wa mpira kiasi kwamba siku ya mechi huwezi kusikia televisheni yako mwenyewe. Alianza kwa kutunza wazee katika nyumba moja ya Handsworth. Mwaka 2008 alipata kazi aliyoipenda kuliko zote, ya ukalimani wa Kiswahili hospitalini na katika ofisi za serikali. Kwa kuwa wengi aliowatafsiria walitoka Kongo, alikwenda kujifunza Kiswahili chao kwa Mama Thérèse wa Handsworth, na huko yeye ndiye aliyekuwa mwanafunzi wa kusahihishwa. Alikuwa na sheria moja ya kazi, nayo ni kwamba neno la daktari lazima lifike lote kwa mgonjwa, hata likiwa chungu. Siku moja mume wa mgonjwa alimsihi apunguze makali ya majibu ya mkewe. Cleopas alikataa, akatafsiri kila neno, kisha akalia ndani ya basi barabara nzima ya Soho Road. Watu wa kanisa walikuwa wakiwatajia watoto wao habari hiyo kama mfano.

Mwaka 2009 Kwamboka alikuja kuungana naye, akiwa na binti yake Moraa mwenye umri wa miaka minne. Walikaa wote nyumba moja ile ya Aston. Kwamboka alifanya kazi ya kutunza wazee kama kaka yake alivyoanza. Alipenda kuimba akiosha vyombo, alicheka mpaka akashika ukuta, na alikuwa mtu pekee duniani aliyeweza kumwambia Cleopas anyamaze, naye akanyamaza. Moraa anamkumbuka kwa miaka kumi na mmoja tu, na hataki kusema zaidi ya hapo leo.

Sasa tufike kwenye ile Jumamosi. Kanisa letu la Waswahili lilikuwa na desturi ya kukodi basi kila mwaka mwishoni mwa Agosti na kwenda pwani ya Wales kubatiza. Mchungaji wa wakati ule alitaka maji mengi, maji yanayotembea, na watu walilipenda jambo hilo, maana baada ya ubatizo kulikuwa na pilau. Mwaka 2016 Cleopas alikuwa amefanywa mzee wa kanisa miezi miwili tu kabla ya safari, na safari ilikuwa chini yake. Ijumaa tarehe 26 Agosti dhoruba kubwa ilipiga pwani ile. Jumamosi asubuhi watu arobaini na watatu walipofika, jua lilikuwa linawaka, anga safi, upepo umetulia. Mama mmoja alisema Mungu amefagia njia. Wengi waliokuwa ndani ya basi lile walitoka milimani, na wote waliangalia juu, hakuna aliyeangalia mbele.

Bendera nyekundu ilikuwa imesimama mchangani. Mwokoaji wa ufuoni, kijana mwenye fulana ya njano, aliwaona watu wakivaa kanzu nyeupe, akaja mbio. Aliuliza nani anayeongoza, akaonyeshwa Cleopas. Alizungumza naye pembeni, kwa Kiingereza, kwa muda wa dakika tatu hivi. Cleopas aliomba maneno ya kijana yule yachapishwe hapa kwa Kiswahili, yote, jinsi alivyoyasikia, na haya ndiyo:

"Dhoruba imepita juu, lakini bahari haijamaliza. Mawimbi haya yametoka mbali sana, yataendelea kufika mpaka Jumatatu. Yatakuja madogo kwa dakika kumi, utadhani yamechoka, halafu yatakuja matatu makubwa na kuondoa mchanga chini ya miguu yenu. Mtu aliyevaa nguo ndefu hatasimama. Asiingie yeyote, hata mpaka magotini. Nakuomba uwaambie wote."

Mchungaji aliuliza kijana amesema nini. Watu kumi na mmoja walikuwa tayari wamevaa, wamefunga siku tatu, na mmoja wao alikuwa ameomba ruhusa kazini mara nne akinyimwa. Cleopas aliona kwamba akisema yote, mzee mpya wa kanisa ataonekana ndiye aliyeingiwa na hofu mbele ya maji. Aliangalia juu tena. Kisha akasema: "Anasema bahari ina nguvu kidogo leo, tusiende mbali."

Ni maneno manane. Moraa ameyahesabu mara nyingi. Halafu Cleopas alishauri wasogee upande wa pili wa majabali, mahali pasipo bendera, ili wasimsumbue yule kijana. Yeye aliyekataa kumpunguzia mgonjwa neno moja, siku hiyo alipunguza karibu yote.

Sita walibatizwa salama. Mawimbi yalikuwa madogo, yanakuja na kurudi. Kwamboka hakuwa wa kubatizwa. Alikuwa ameokoka zamani, na kazi yake siku ile ilikuwa kusimama majini, maji kiunoni, na kuwapokea waliotoka kuzamishwa. Naye alikuwa na kanzu. Moraa alikuwa ameketi mchangani akilinda viatu. Wa saba alipokuwa anaingia, yakaja yale matatu. Wimbi la kwanza liliwaangusha watu watatu pamoja na mchungaji. La pili lilipoondoka liliondoka na mchanga, kama alivyosema kijana. Wawili walivutwa na wanaume, mchungaji akatambaa mpaka nje. Cleopas aliingia na viatu vyake kumfuata dada yake, akamshika kanzu, na la tatu likampokonya. Helikopta ilizunguka mpaka giza likaingia. Kwamboka alipatikana Jumanne.

Alizikwa hapa Handsworth tarehe 16 Septemba 2016. Wasifu wake uliandikwa na kaka yake, na ulisema kwamba Bwana alimwita Kwamboka akiwa kazini mwake. Kila mtu alisema umeandikwa vizuri. Februari iliyofuata kulikuwa na kikao cha uchunguzi wa kifo, na Cleopas aliulizwa kama alifikisha onyo la mwokoaji kwa kundi lake. Alijibu kwamba alifikisha. Ikaandikwa kwamba kifo kilikuwa ajali. Moraa alikuwa mtoto, hakupelekwa kikaoni. Alibaki Aston na maneno ya wasifu, kwamba mama yake ameitwa, na usiku alikuwa akijiuliza kwa nini Mungu hakuona kwamba mtu huyu alikuwa bado anatumika.

Baada ya hapo Cleopas alibadilika, na sisi tulidhani ni huzuni tu. Kila majira ya kiangazi alipanda treni peke yake kwenda pwani ile ile, akaketi na watu wa kujitolea wanaolinda pwani, akawauliza maswali mpaka wakamzoea na kumwekea kikombe chake. Alijifunza kusoma jedwali la kupwa na kujaa kwa maji. Alijifunza kwamba dhoruba inaweza kuwa imekufa jana huko mbali, na wimbi lake likafika leo kwenye jua kali. Alijua sasa kwamba maji yanayoonekana tulivu kati ya mawimbi mawili yanayovunjika mara nyingi ndiyo mkondo unaovuta watu kwenda ndani, na kwamba kwenye ukuta wa bandari hutembei wakati wa upepo hata kama wenyeji wanapiga picha. Kila Agosti baada ya ibada alisimama na karatasi yake akaeleza rangi za bendera, moja moja, kwa Kiswahili cha Kenya, halafu kwa kile cha Kongo, halafu kwa Kiingereza kwa ajili ya watoto. Vijana walimwita Mzee Mawimbi. Alisikia, na hakuwakataza.

Mwaka 2019 basi lilikuwa limekwisha kutoka mjini, lina watu arobaini na sufuria nne, Cleopas alipopokea simu kwamba upepo umegeuka. Alimwambia dereva arudi. Pilau ililiwa kwenye bustani ya hapa hapa Birmingham, watu wamenuna, na waliongojea ubatizo wakabatizwa wiki iliyofuata kwenye bwawa la kuogelea, maji yakinuka dawa. Jioni ile habari zikaja kwamba upepo ulikwisha bila kufanya lolote, na bahari ilikuwa imelala kama uji uliopoa. Cleopas alichekwa mwezi mzima. Alisema kuchekwa hakumdhuru mtu, na mwaka uliofuata alikuwa tayari kuwarudisha tena.

Moraa alilelewa na yeye na Rita. Jumamosi asubuhi, miaka miwili mfululizo, Cleopas alimpeleka kujifunza kuogelea, mtoto ambaye hata bafuni alikuwa analia. Yeye mwenyewe hakuingia majini. Aliketi kwenye benchi na viatu vyake ndani ya mifuko ya plastiki, akihesabu kwa sauti kila mara kichwa cha Moraa kilipotoka juu. Alimfundisha kusoma na kuandika Kiswahili, akamkemea kila alipojibu kwa Kiingereza, na ndiyo maana mnausikia wasifu huu kwa lugha hii. Rita amesahihisha makosa. Leo Moraa anasomea uuguzi mwaka wa pili.

Mwezi wa Juni 2025 Cleopas aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Daktari alipomweleza, mkalimani aliyezoea kuwaeleza wengine aliuliza maswali mawili tu, akashukuru. Jumapili tarehe 12 Oktoba, akiwa amelazwa hospitalini, alimwomba Rita atoke chumbani, akabaki na Moraa.

"Mama yako hakuitwa siku ile," alimwambia. "Niliambiwa asiingie mtu. Nikasema kidogo, na nikawapeleka nyuma ya majabali."

Alimweleza yote, kuanzia bendera mpaka kikao cha uchunguzi. Moraa alisema: "You wrote it down, mjomba. Uliandika ati ameitwa. Niko nayo kwa drawer." Cleopas alisema anajua. Halafu akamwomba jambo moja. Kando ya kaburi la Kwamboka kuna nafasi aliyoiweka tangu 2016, na Rita amekubali. Lakini hatalala pale bila ruhusa ya Moraa, kwa kuwa yule ni mama yake. Moraa akikataa, mjomba azikwe kokote, na Moraa asiulizwe na mtu kwa nini.

Moraa aliinuka akaondoka. Hakurudi kwa wiki saba. Rita alipiga simu, Mogaka akapiga, Gesare akaja mpaka mlangoni pa chumba chake cha chuo, na ajuaye hasira ya Moraa hatashangaa kwamba hakuufungua. Alikuwa na hasira ya miaka tisa ambayo ilikuwa imekaa bila mwenyewe, sasa imempata mwenyewe. Na mwenyewe alikuwa mtu yule yule aliyehesabu kichwa chake kikitoka majini. Hakujua afanye nini na watu wawili hao ndani ya mjomba mmoja.

Alikwenda kwa Mama Thérèse, aliyekuwa mtu wa sita kubatizwa siku ile. Moraa alimuuliza kama aliona chochote. Mama Thérèse alizima jiko kwanza.

"Mimi niliona mikono ya ule kijana," alisema. "Mikono haikusema kidogo. Lakini Kizungu sikukijua, nikamuamini mwenye kukijua."

Alisema pia kwamba kwa miaka tisa, kila Agosti, Mwalimu alipomaliza kueleza bendera, alikuja kwake peke yake na kumwomba arudie yote kwa mdomo wake mwenyewe. Ikiwa Mama Thérèse ameacha neno, Mwalimu alimtaka aanze upya. Mama Thérèse alidhani ni ualimu tu.

Jumapili tarehe 30 Novemba Moraa alirudi hospitalini. Cleopas alikuwa amekonda, macho yamekuwa makubwa. Hakumuuliza alikuwa wapi. Alimwonyesha kiti.

"Sijakusamehe," Moraa alisema. "I'm not there yet, mjomba, na sitasema niko. Lakini utalala kando yake."

Cleopas alimuuliza kama amefikiria. Moraa alimjibu kwamba amefikiria wiki saba. Basi mzee akalia, na Moraa akalia, na muuguzi aliyekuja na dawa akageuka akatoka kimya. Walipotulia, Cleopas alimwambia: "Basi wasifu wangu uandike wewe. Andika lote, na usome mbele yao."

Tangu siku hiyo Moraa alikwenda kila jioni baada ya masomo. Hawakuzungumza sana juu ya bahari. Alimsomea magazeti, naye alirekebisha matamshi yake. Krismasi alikula vijiko vitatu vya uji. Mwalimu Cleopas alifariki Ijumaa tarehe 9 Januari 2026, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Rita akiwa ameshika mkono wa kulia na Moraa wa kushoto. Alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Wengi waliosimama hapa leo, Ijumaa tarehe 23 Januari, wanasikia habari hii kwa mara ya kwanza. Wapo walioingia majini siku ile, na wapo ambao wangeingia. Familia inawaomba radhi kwa niaba yake, kama alivyoagiza. Taarifa yake ya kusahihisha jibu alilotoa kwenye kikao cha uchunguzi, aliyoitia saini Desemba, imepelekwa. Na anayeendelea kupanga safari ya Agosti achukue karatasi yenye maneno ya mwokoaji, iliyobanwa nyuma ya ratiba hii ya mazishi, aisome kwa sauti ndani ya basi kabla halijaondoka.

Katika rasimu ya kamati Moraa alikuwa kwenye mstari wa wapwa, baada ya wajukuu. Hakukosewa, maana ndivyo alivyozaliwa. Alipokuwa akinakili majina alifika kwenye mstari ule, akakaa nao siku nzima, kisha akaubadilisha mwenyewe, bila kumuuliza mtu.

Marehemu ameacha mjane, Rita Kemunto, watoto watatu, Mogaka, Gesare na Moraa, wajukuu wawili, ndugu zake wanne walio Keroka, na kanisa lililomwita Mwalimu. Ametanguliwa na wazazi wake na dada yake Kwamboka, ambaye sasa analala kando yake.

Mungu ampe pumziko. Na akikutana na dada yake, aanze yeye kuzungumza.